Kiti cha Mbele ni cha Bibi

Baba Watoto na wanangu,

Gari liko nje. Msiliegeshe tena kwenye kivuli cha banda la kuku! Nimekimbilia duka la dawa kuchukua matone ya macho ya Bibi. Nikirudi tunaondoka.

Asubuhi Baba alisema AC imekwisha gesi, hakuna muda wa kutengeneza, na kwa kuwa jicho la Bibi lililopasuliwa halitakiwi kuingiwa na vumbi madirisha yakifunguliwa, basi Bibi abaki. Bibi akajibu, "Sawa, harusi ya mjukuu wangu nitaiona kwenye picha," akajifungia chumbani. Iliniuma. Nikachukua funguo, nikaenda gereji. Fundi akachomoa chujio la hewa: manyoya ya kuku matupu! Akaniuliza, "Mama, hili ni gari au godoro?" Gesi ipo tele. Kaweka chujio jipya, na sasa baridi inagonganisha meno.

~~Baba abaki na kuku wake.~~ Baba aje, ila akae nyuma na masanduku.

Mmoja wenu agonge kwa Bibi, amwambie kiti cha mbele ni chake. Akisema hataki safari, mtazameni miguuni. Najua ameshavaa viatu.

Mama