Jembe la Mama Mkwe

Kagongwa, Kahama
Jumatano

Mpendwa Dada Scolastika,

Shikamoo dada yangu. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako uliyemsindikiza kwa machozi na vigelegele. Shemeji na watoto hapo Ushirombo hawajambo? Kikohozi cha Nelly kimeisha? Sisi huku tunaamka, ingawa siwezi kuandika kwamba wote ni wazima, na utaona kwa nini.

Nianze na utamu. Dada, nimeolewa nikaolewa! Mihayo wangu akirudi Jumamosi kutoka machimboni Geita, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mimi namwona kama katoka kuoga sasa hivi. Hali chakula mpaka niketi karibu. Wenzake humtania kwamba kapata dhahabu asiyoichimba, naye anacheka tu. Nampenda mpaka nikipepeta mchele naimba.

Na kwa kumpenda yeye, nilimpenda mama yake. Unajua kwetu Wasukuma mkamwana akiingia, mama mkwe anapumzika. Sikutaka kusemwa. Wiki ile ile ya harusi nilichukua jembe lake, ndoo yake na mchi wake, nikamwekea kiti cha uvivu barazani. Nilijua ana kisukari na anameza vidonge. Nikasema huyo hasa ndiye wa kupumzishwa. Chai yake sikutia sukari, lakini michembe ya viazi vitamu na uji nilimletea kila alipogeuka.

Kabla sijaja alikuwa akienda majarubani kulima mpunga kila alfajiri na kurudi kwa miguu. Siku moja nilimkuta kanitangulia kisimani, ndoo kichwani. Nilimkimbilia mbele za watu nikamnyang'anya, wanawake wakashangilia. Aliniambia taratibu nimwachie, kwamba ile miguu yake inataka kazi. Nikadhani ni adabu tu ya mkwe, kukataa kwanza ndipo akubali. Nikacheka, nikamshika mkono nikamrudisha kitini.

Akanenepa. Dada, nilivyosifiwa! Jirani yetu Mama Magesa alitangaza kwa sauti ya sokoni kwamba mwenzake hakupata mkamwana, kapata likizo, na kwamba wakamwana wake yeye, wale magogo, waje wajifunze kwangu. Nilikwenda kanisani shingo juu.

Kisha kiu ikawa haimwishi, miguu ikaanza kufa ganzi. Akajigonga kidole cha mguu asisikie maumivu, wala mimi sikuona mpaka kilipoanza kunuka. Hospitali walikikata. Daktari alimuuliza imekuwaje sukari iliyotulia miaka yote ipande hivyo, na kama ameacha kutembea na kulima kama alivyoagizwa. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya uji. Mama akajibu kwamba uzee umemfika, magoti yamechoka.

Magoti yake hayana kitu, dada. Tuliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini alidanganya, na kwa nini siku zote hizo hakunieleza alivyoagizwa. Akasema kwamba watu wangemwona na jembe wangesema Mihayo kaoa mvivu. Tena mimi nilikuwa na furaha mno ya kumtumikia, akaona asiniharibie fungate. Alinilindia jina langu kwa mguu wake.

Kidonda hakijafunga. Daktari anasema kikifunga ataanza kutembea kidogo kidogo, lakini hakuahidi kwamba hicho ndicho kidole cha mwisho. Jembe lake nimelirudisha nyuma ya mlango wake. Mama Magesa ameshauliza kama nimechoka kumtunza mkwe. Nikamwambia aseme apendavyo.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: Mihayo hajui kilichomponza mama yake. Jumamosi iliyopita alinishika mikono yote miwili, machozi yakimlenga, akanishukuru kwa kumtunza mzazi wake. Mama alinikonyeza ninyamaze. Nami, dada, nikanyamaza, nikapokea shukrani ile. Jumamosi hii nitamwambia yote, hata kama hatanitazama tena kama anavyonitazama. Niombee.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na usiache kuniandikia. Mama mkwe ameketi hapa kando yangu, mguu juu ya kigoda, naye anakusalimu sana. Anasisitiza nikuandikie kwamba yeye hajambo kabisa, na kwamba Mihayo kapata mke.

Mdogo wako akupendaye,
Noela