Sauti Yako Katika Ukumbi Mtupu

Juu ya Duka la Mikate,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia hata kabla hujaitika. Huo mgongo umekubali ulale, au bado unakusumbua? Na Baba Mdogo, kikohozi kimetulia? Sisi wazima, ila mimi nimeungua kidole kwa bomba la kiyoyozi. Si neno, kinapona.

Ulituambia kwenye simu kwamba umesoma maneno mawili matatu katika filamu ya mambo ya miaka mingi ijayo. Mama Mdogo, hayo ndiyo mawili matatu?

Wala sikwenda kuitazama. Niliitwa kutengeneza viyoyozi vya ukumbi wa sinema, nikawa juu ya ngazi, karibu na dari, filamu ikiendelea. Chini watazamaji walikuwa wa kuhesabika, na mmoja wao amelala. Mara ukuta mzima ukasema kwa sauti yako: "Milango inafungwa. Rudini vyumbani." Nywele zilinisimama. Nikabaki na spana mkononi, kazi nimeisahau.

Ule mji wa kwenye filamu wote umo ndani ya jengo moja refu lisilo na madirisha, na wewe ndiye sauti inayouendesha. Wenye jengo wanataka kuzifunga orofa za chini, watu wakiwa humo humo. Mwanamke mmoja, fundi wa lifti, anaigundua siri, basi wanamzimia taa na kumwinda. Nawe, uliyeamriwa unyamaze, unamnong'oneza: "Nyoosha mkono. Ukuta uko kulia kwako. Weka mguu, sakafu ipo." Niliikumbatia ile ngazi kana kwamba ninayewindwa ni mimi.

Nilimuuliza meneja kwa nini ukumbi ni mtupu. Akasema, "Haina ngumi, haina nyimbo. Wiki hii tunaiondoa." Wahenga walituambia kizuri chajiuza. Hiki chako hawakukiona.

Kesho yake nikampeleka Mama. Hili alitukataza tusikuambie: mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, na siku hizi anaona vivuli tu. Daktari wa macho amembembeleza apasuliwe mpaka amechoka. Dada yako unamjua. "Giza langu nimeshalizoea," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Sikumwambia atamsikia nani. Ulipotamka neno la kwanza tu, akanishika goti.

"Huyo ni mdogo wangu."

"Ndiye, Mama."

"Nani kamweka mule ndani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ilipofika ile sehemu ya gizani, niliacha filamu nikamtazama yeye. Ulikuwa ukimwongoza yule fundi hatua kwa hatua, na Mama, pale kitini, alikuwa amenyoosha mkono wake mbele, vidole wazi, anautafuta ukuta. Nilijua wewe ni msomaji mzuri wa maneno, lakini sikujua kwamba sauti ya mtu inaweza kuvuka mbali hivyo ikamshika ndugu yake mkono.

Taa zilipowaka hakuinuka. Akasema taratibu, "Mwambie daktari nakwenda."

Jicho la kulia limepasuliwa Jumatano. Bandeji ilipotolewa alipepesa, akanikazia macho mpaka nikaingiwa na hofu. Ndipo akasema, "Kumbe umezeeka hivi, na hukuniambia." Nesi alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Mimi nililia, sikufichi.

La kushoto litafuata mwezi ujao, na sasa ni yeye anayemhimiza daktari.

Wasalimie Baba Mdogo, binti yako mpiga picha, na yule jirani yako mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Mungu akutunze, na hiyo sauti asikunyang'anye hata uzeeni.

Filamu yenyewe imeshaondolewa ukumbini. Nilipompa Mama habari hiyo, nikidhani nitamwona amehuzunika, alinijibu kwamba sauti ameshaisikia, sasa anataka uso. Panga safari, Mama Mdogo.

Mwanao anayekupenda na kukuonea fahari,
Fundi Baridi