Taa Tatu za Kijani Juu ya Lori Letu

S.L.P. 41,
Karatu,
Mbulu.

19 Julai, 1987.

Mpendwa mdogo wangu Tluway,

Pokea salamu za moyoni kutoka kwangu, kwa shemeji yako Hhando na kwa watu wote wa nyumbani. U hali gani huko Nagoya, na masomo ya ufundi yanakwendaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona kweli, au unatuandikia kwamba umepona ili tusihangaike? Nakujua tangu ukiwa mgongoni mwangu, kwa hiyo sema ukweli.

Sisi huku tu wazima. Mimi jino la nyuma linanisumbua, na Mama ana magoti yake ya siku zote, hasa baridi hii ya Julai inayoshuka kutoka msituni. Barua yako ya mwezi wa tano ilifika, ila bahasha ilikuwa imebandikwa upya kwa gundi na picha uliyosema umeiweka haikuwemo. Nina mtu ninayemdhania, lakini sitamtaja kwenye karatasi. Mama anauliza kama bado wanakulisha samaki wabichi. Nilimwambia umezoea, akanitazama kama mtu anayedanganywa.

Mahindi tumeshavuna na hatukupata mabaya. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na binti yangu Cresensia amechaguliwa kwenda sekondari. Tunamshukuru Mungu kwa yote.

Sasa niingie kwenye jambo lililonikalisha mezani, nalo ni lori lako ulilotutumia.

Unakumbuka ulivyotuandikia kwamba huko Ujapani malori hutoka kiwandani na taa tatu za kijani juu ya kichwa, ili watu wa barabarani waone mwendo wake. Moja huwaka gari likienda polepole, ya pili likichanganya, na zote tatu likikimbia. Huku hakuna sheria hiyo, lakini taa zilikuja na lori na zikawaka vizuri tu. Siku ya kwanza Piusi alipoingia nalo Karatu mjini jioni, watu walitoka madukani kuangalia. Wakalipa jina la Harusi, na mpaka leo hakuna anayesema lori la akina Marsela. Wanasema Harusi imepita.

Piusi hakupenda hata kidogo. Mdogo wetu huyu unamjua, kudhihakiwa hakuwezi. Aliniambia amekuwa mtu wa kuhesabiwa barabarani kama mbuzi wa mnadani.

Aliyezipenda ni Mama. Unajua kile kiti chake pale nje ya mlango, anapochambua maharage. Kutoka pale anauona mteremko wote wa barabara ya Mang'ola hadi kwenye daraja la korongoni, kule lilikopinduka lori mwaka juzi na akina mama wa vitunguu juu yake. Basi jioni giza likiingia alikuwa anakaa akimngoja Piusi. Taa moja ikishuka, anasema mtoto amekuja vizuri, anaingia kusonga ugali. Siku moja zilishuka mbili, na Piusi alianza kugombezwa hata injini hajazima. Baada ya hapo ilikuwa moja tu kila siku, na Mama akanenepa.

Ubishi ulianzia gereji kwa fundi Kurwa, Jumapili baada ya misa. Siku hizi kuna malori mengine mawili ya namna hiyo hapa mjini, moja la Abbasi mwenye duka na jingine la katekista wetu, Mzee Bartolomeo. Abbasi ndiye aliyetuita. Alisema kiwanda kiliweka taa hizo kwa ajili ya barabara za kwao, na kwetu hazina maana ila kushtua ng'ombe wa Wamasai njiani, kwa hiyo sote watatu tuzikate siku moja. Mimi nilimsikiliza hivi hivi. Abbasi sijawahi kumsikia akimhurumia ng'ombe wa mtu. Ninachojua ni kwamba wanunuzi wa vitunguu kutoka Arusha huondoka jioni, na lori linalotangulia kufika ndilo linalouza. Mtu mwenye dereva wa mbio hawezi kupenda taa zinazomsema.

Mzee Bartolomeo alipinga. Alisema aliyelitengeneza gari anajua kwa nini ameweka kila kitu, na ukianza kutoa hiki na kile mwisho utabaki na usukani mkononi. Maneno mazuri, lakini huyo naye nilimtilia shaka. Dereva wake ni mtu mzima anayeendesha kama anayesindikiza jeneza, kwa hiyo taa zinazowazuia wenzake kukimbia zinamfaa sana. Piusi alikuwa upande wa Abbasi. Kurwa naye akadakia kwamba ni kazi ya kukata waya mmoja tu, na hakuna atakayejua. Fundi akishasema hakuna atakayejua, mimi naanza kumwangalia mikono.

Mimi nikawaambia lori ni la Tluway, nami nimelishikia tu, na hakitolewi hata kijiti bila barua yako. Tukaachana hivyo, kila mtu amenuna.

Wiki iliyofuata lori liliingia kwa Kurwa kufungwa springi. Jioni lilipokuwa linarudi kutoka Mang'ola safari ya kwanza baada ya hapo, nilikuwa nje na Mama. Tukaona taa za mbele zinashuka mteremkoni, na juu giza tupu. Mama alitazama mpaka lori likavuka daraja, halafu akainuka akaingia ndani bila neno. Hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho, lakini mimi nilikuwa nimeshamkimbilia Piusi.

Piusi aliapa kwamba hajui. Alisema alidhani ni mimi nimebadili mawazo, na alikuwa amepanga kunishukuru. Sikumwamini. Nilianza kujiuliza anafanya nini huko njiani asikotaka kuonekana. Nikafikiria magendo, nikafikiria mwanamke. Nilimpekua mfuko wa koti alipolala, nikakuta rozari na karanga. Hata rozari yenyewe nilijiuliza ameipata wapi.

Nikapanda mwenyewe juu ya kichwa cha lori, na umri wangu huu, kuzikagua. Balbu zote zilikuwepo. Waya ndio uliokatwa, tena ncha zimezungushiwa utepe kwa uangalifu. Mwizi angechukua balbu. Kwa hiyo hatukuibiwa, ila kuna mtu aliyetaka lori liende gizani, na mimi sikuona mwingine zaidi ya Abbasi. Niliacha kununua sukari kwake. Nikatembea hadi upande wa pili wa mji kutafuta sukari yenye unyevu, lakini nilikuwa na raha moyoni.

Katikati ya hayo jogoo mwekundu wa Mama akapotea. Nilimdhania jirani yetu Evarista, kwa sababu jikoni kwake kulikuwa kunanukia siku hiyo. Nikaacha kumwazima kinu. Mama aliniona nikimnunia Evarista, akaniambia niache, jogoo ni wake na hamlilii. Hata hapo, Tluway, sikushtuka.

Ndipo nikaamua kwenda kumbana Kurwa. Nilifika gereji nimejiandaa kwa maneno makali, na kabla sijafungua kinywa nikasikia jogoo anawika. Alikuwa amefungwa mguu kwenye tairi bovu, mwekundu, na kile kishungi chake kilichokatika upande. Nilimwuliza Kurwa umempata wapi huyu. Alifuta mikono muda mrefu.

"Dada Marsela, huo ni ujira wangu wa waya," akasema. "Mwenye jogoo aliniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa."

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa kitini pake na ungo. Sikujua nianze wapi, akaanza yeye. Alikuwa ameshaniona nikitoka upande wa gereji.

Mwezi wa sita Mama mdogo Lukresia aliumwa, na Mama akaenda kumwuguza kule kwao chini, kwenye ile tambarare ya kuelekea Mang'ola. Jioni moja walikuwa wamekaa nje. Wakaona lori linakuja kwa mbali, na taa zote tatu zinawaka. Lilipita pale mbele yao kwa vumbi, na watu juu ya magunia wameshikilia kamba, kanga zinapepea. Halikupunguza mpaka likapotea. Mama mdogo Lukresia, bila nia mbaya, akasema hivyo ndivyo Piusi anavyopita siku zote.

Kumbe kijana anakimbia njia nzima. Akifika juu ya mteremko wetu, pale anapojua Mama amekaa, ndipo anakanyaga breki na kushuka na taa moja.

Nilimwuliza Mama kwa nini hakumgombeza. Alinijibu kwamba alishamgombeza siku ya taa mbili, na alichojifunza mtoto ni mahali pa kupunguza. Kisha akasema maneno haya kwa lugha yetu, nawe utaisikia sauti yake:

"Kabla ya hizi taa, akiwa njiani nilikuwa namwombea mpaka nisikie mlango. Zilipokuja niliacha kuomba, nikawa nahesabu. Nikiona moja natulia, kumbe naonyeshwa ninachotaka kuona. Acha liende gizani. Gizani nitamwombea tena, yeye na wale waliokaa juu ya magunia."

Nililia, ndugu yangu, sikuficha. Niliona aibu pia. Nilimshuku kila mtu Karatu hii, kasoro mama yetu aliyeukatisha waya, na ile taa moja iliyokuwa inatudanganya sote mbele ya mlango wetu.

Piusi alipokuja tulimkalisha, Mama, Hhando na mimi. Hakubisha. Alisema dereva wa Abbasi anamsukuma kwa nyuma njia nzima, na akichelewa wanunuzi wanakuwa wameondoka, vitunguu vinalala, na mimi ndiye wa kwanza kumwuliza kwa nini. Hapo alisema kweli, namuuliza sana. Kisha akasema, kama mtu anayetaka kusifiwa kidogo:

"Lakini pale kwa Mama napunguza. Pale siwezi kumkosea heshima."

Mama hakuinua macho kwenye maharage.

"Na hao unaowabeba juu," akamwuliza, "mama zao wamekaa wapi?"

Piusi aliiacha chai yake kikombeni. Alitoka bila kuaga, na asubuhi tulimkuta ameshaondoka.

Tangu siku hiyo mara mbili amefika wanunuzi wameshaondoka, na magunia yamelala uani kwetu. Sikumwuliza kitu. Lakini unajua moyo wangu ulivyo, kutulia hautulii. Juzi nilimdanganya Mama kwamba naenda kumwona Mama mdogo Lukresia, nikaenda kusimama kandokando ya barabara kule tambarare nimwone mwenyewe. Giza liliingia. Malori mawili yakapita bila taa za juu, nikashindwa hata kujua lipi ni letu. Nilibaki nikisikiliza injini kwa mbali bila kujua ni mbio au si mbio, ni Piusi au si yeye. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilijikuta nimeshika rozari, na nilipofika nyumbani Mama aliiona mkononi mwangu, akanisogezea kigoda.

Piusi mwenyewe sasa ndiye anayetaka waya uungwe tena, taa ziwake. Anasema apewe nafasi, kila mtu amwone, kutoka Mang'ola hadi hapa. Mama hataki. Hhando anasema lori si la Mama wala la Piusi, mwenye lori ni wewe, na kwa hiyo neno ni lako. Kurwa anangoja, ingawa safari hii nimemwambia kuku hakuna. Ukiandika ziungwe, zitaungwa. Ukiandika zibaki hivyo, zitabaki.

Mimi sitakuambia la kuandika. Fikiri taratibu, wala usijibu kwa haraka ili kunifurahisha. Ila jua kwamba kila jioni lori likiwa njiani kuna mtu nje pale mlangoni anayeomba gizani, na siku hizi tuko wawili.

Shemeji yako Hhando anakusalimu sana na anauliza kama huko kuna mashine ndogo ya kukoboa. Mama mdogo Lukresia amepata nafuu na anakusalimu. Cresensia anaomba kalamu. Evarista pia anakusalimu. Kinu nimempelekea mwenyewe hadi mlangoni kwake, na sukari nimerudi kununua kwa Abbasi, ingawa mizani yake bado naitazama kwa makini. Piusi hakusema nikuandikie nini, alisimama tu nyuma yangu akasoma nusu ya barua hii, halafu akaenda kuosha lori.

Mama anakuwekea mkono kichwani kutoka hapa alipo. Mungu akulinde usipoonekana na akulinde unapoonekana, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Marsela