Sindano Yenye Nilimupiga Mugisho

Kazi moja, tarehe 3
Paja ya kushoto leo. Nilitosha sindano mu frigo, nikaacha ipate joto kidogo, nikajitoboa mwenyewe. Sikulia. Mi najiitaka simba, na bibi yangu anasema simba gani inafungaka macho. Muongo. Nilifunga jicho moja tu.
Munganga wa hospitali anasema hii ugonjwa yangu, selerozi, inachunaka mishipa, sawa waya ya gari yenye plastiki yake inatoka. Waya, mi najua. Niliteremusha kamiyo ku mulima ya Nyangezi bila freni, mara saba.

Kazi tatu, tarehe 5
Paja ya kuume. Mugisho alikuya kuangalia. Rafiki yangu tangu utoto. Anabebaka mizigo ku soko ya Nyawera, sasa mugongo imemukatala. Nikamuambia: hii dawa ukipiga mufu wa jana, leo anapanda mulima ya Kadutu na gunia ya mihogo ku kichwa. Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka.

Kazi ine, tarehe 6
Amerudia. «Papa Furaha, utakufa na choyo! Nipige moja tu.» Vidonge kwake ni bombo, tamutamu ya batoto. Hapa kwetu dawa yenye haitoboe, haiponyeshe.
Ningesema nilidanganya. Kinywa ikakatala. Bibi alikuwa soko. Nikamupiga ku tako. Nikajiona munganga mukubwa.

Kazi tano, tarehe 7
Mugisho ana homa kali. Anatetemeka, mifupa yote inamuuma. Mi pia hii dawa ilinipigaka vile mwanzo, lakini munganga alikuwa ananichunga. Yeye ni muzee sawa mi, lakini maini yake ilishakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, sana.
Bamemupeleka hospitali. Sindano yangu ya leo sikupiga.

Posho, tarehe 8
Nilienda kumuona. Hajue tena bibi yake. Banamutia dawa ya malaria, na damu haionyeshe malaria. Hakuna mutu anajua ya sindano, ni paka mi tu. Bibi yake akanishika mukono, eti aksanti kwa kuja. Nikamuambia Mugisho: «Amka, mizigo yako banaiba kule Nyawera!» Hakuna mutu alicheka.
Nikarudi nyumba. Niko muoga.

Yenga, tarehe 9
Sikuenda misa. Nilikamata boksi ya dawa na fimbo, nikashuka hospitali pole pole, muguu inakokota. Nikaweka boksi mbele ya munganga, bibi ya Mugisho akisimama pale. Nikasema yote: siku, saa, tako gani. Ile uongo ya mufu pia nilisema. Munganga akanigombeza sana. Haiko yeye aliniuma. Bibi ya Mugisho alisema: «Toka, Papa Furaha.» Kwa sauti ya chini.
Nikatoka.

Kazi moja, tarehe 10
Bamebadilisha dawa. Homa imeshuka kidogo. Munganga anasema tungoje. Bibi yake hataki niingie.
Nikakaa inje, ku ukuta ya hospitali, tangu asubui. Mutu moja ya pikipiki, mwenye anapendaka hadisi zangu, akasimamisha: «Muzee, leo utatupigia hadisi gani?»
Nikamuambia sina.