Akelo Amechanjwa

Mkolani, Alhamisi

Baba Akelo,

Sisi wazima. Mahindi yameshika vizuri na mama yako ameacha kukohoa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu unazikata.

Juzi mwalimu wa binti yetu alinionyesha ujumbe uliomtumia: "Mwanangu asichanjwe. Hiyo chanjo inaua uzazi na inafundisha watoto umalaya." Miezi minane uko Ukerewe, hujaniuliza hata nimelalaje, lakini namba ya mwalimu uliipata!

Basi sikiliza. Mwezi uliopita niliotwa na masundosundo, vile vinyama vidogo, sehemu za siri. Nilijificha wiki tatu kwa aibu, kisha nikaenda zahanati. Nesi akasema yanaletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana.

Nikamuuliza, "Ndiyo saratani?"

"Hapana, dada. Vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi ni ndugu zao. Wasichana tunawakinga na hivyo kwa chanjo, kabla hawajakutana navyo. Na uzazi hauguswi."

Kabla hawajakutana navyo, Baba Akelo! Mimi maisha yangu yote nimemjua mwanaume mmoja, na ndiye huyo anayeiita chanjo umalaya.

Jana nilikwenda shuleni mwenyewe. Akelo alichomwa sindano mbele yangu, akakunja uso kidogo, akarudi darasani kwa wenzake.

Ukija, tutaanzia zahanati, wewe na mimi. Nesi atakuuliza maswali, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo nikisikiliza majibu yako.

Mimi,
Rozina