Kitu Cheupe Juu ya Mlima Meru

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kikatiti sote wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kama tarumbeta za kanisani.

Unauliza kama wanasayansi wachunguze kwa dhati habari za watu wanaodai kuona vitu visivyojulikana angani. Nikiwa nimemaliza shule, asubuhi moja nikichuma kahawa, niliona kitu cheupe juu ya Mlima Meru, kinang'aa, hakina mabawa wala sauti. Nilipowasimulia wenzangu, walicheka sana.

"Umekunywa pombe ya mbege asubuhi yote hii?"

Nililia kwa aibu. Kijana mmoja tu, mwalimu mgeni kijijini, hakucheka. Aliuliza, "Kilielekea wapi?"

Tulikifuata tukiwa na dada yangu, tukakuta puto kubwa lililopasuka, limenasa migombani pamoja na kijisanduku cha kupimia hali ya hewa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimeota!

Basi wachunguze, Neema, hata wakiambulia puto. Na wasipoambulia jibu, waseme hawajui.

Mwalimu yule ndiye babu yako. Wengine walioniposa walisifia macho yangu. Yeye aliamini kwamba yanaona.

Bibi yako akupendaye,
Ndeshi