Tundu la Tano Mlangoni mwa Lori Lako

Baba Masunga, lori ulimofia limepatikana, na mwanao ndiye aliyelipata.

Sasa nikusalimu. Mwangaluka, mume wangu. Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana ulipokuwa vitani barua zako nilisomewa na katekista. Ilipoletwa habari ya kifo chako nikaingia kisomo, ili maneno yako nisisomewe tena na mwanamume mwingine. Darasa zima nilikuwa wa kwanza. Hata leo wanawake wenzangu wananiletea barua zao niwasomee.

Masunga ulimwacha anachunga ndama. Siku hizi ni fundi rangi wa magari hapa Bariadi, na toka hapa mpaka Nassa hakuna anayempita. Gari likigonga ng'ombe, likipinduka, analetewa yeye. Nilimnyonyesha mwenyewe, kwa hiyo sishangai.

Mambo yamegeuka. Pamba hainunuliwi tena na ushirika peke yake. Matajiri wanakuja na mizani yao mpaka uani kwako. Ushirika ukauza magari yake makuukuu, tajiri mmoja akanunua lori bovu la bluu. Walisema zamani lilikuwa la jeshi, ushirika ukapewa baada ya vita. Anajenga baa, akataka lori lisimame getini lirudishiwe sura ya vita. Akamwagiza Masunga alipake madoadoa ya chui, na mlangoni fuvu la mtu, kama anavyoona kwenye video.

Mwanao akasema kwanza ajue lilikuwaje. Akang'oa kiti cha dereva, mahali ambapo brashi ya ushirika haikufika, akakuta kijani kilichofifia kama majani makavu. Siku mbili alichanganya kijani na nyeusi, akatia unga wa chokaa kuua mng'ao, mpaka rangi zikalingana. Halafu akaupiga msasa mlango wa dereva, katikati tu. Bluu ikatoka, nyeupe ikatoka, kijani kikaja, na juu ya kijani ikaonekana alama: duara lenye mkia, mkia umepinda kushoto.

Alikuja nyumbani mbio. Nilikuwa natwanga. Akaichora mchangani kwa kidole, akaniuliza, "Mayu, hii si chapa ya ng'ombe wetu?"

Mchi ukanitoka. Chapa ni ya ukoo mzima, lakini mkia uliopinda ni wa mkono wako tu. Baba yako alikufokea kila tulipochoma ndama chapa, na wewe hukujirekebisha. Barua yako ya mwisho ninayo. Uliandika kwamba umeipaka mlangoni mwa lori unaloendesha kwa sababu ng'ombe aliyepotea hurudishwa na chapa yake.

Tajiri alipoambiwa alicheka. Malori ya kijani yalikuwa mengi, akasema, na yeye hakununua kaburi la mtu. Kesho yake akatuma vijana wawili, wana nondo na kopo la rangi ya njano, wapake madoadoa wenyewe. Masunga akauegemea mlango, akakataa kutoka. Mimi nilikuwa naingia gereji nimemletea uji. Wakampiga nondo mkono wa kushoto, na mfupa niliusikia ukikatika, Baba Masunga, kama mtu anayevunja kuni.

Sijui nilifikaje. Mmoja nilimmwagia uji wa moto usoni. Wa pili nilimpiga taya kwa spana ya magurudumu, meno yake mawili yakatumbukia kwenye kopo lake la njano. Aligaagaa pale analia kama ndama. Sikumhurumia, na sasa pia simhurumii.

Filimbi za sungusungu zikalia, baraza likakaa pale pale gereji, na tajiri akaitwa. Akauliza tutathibitishaje kuwa lori ni lako, chapa mtu yeyote anaweza kuchora. Nikasema niitieni Nkwabi, mwenzako wa vitani, aliyepanda nyuma ya lori siku uliyokufa na kurudi na mguu mmoja. Wakamkalisha mgongo ukielekea lori, hata asilione, wakamwambia aeleze mlango ulipigwa risasi wapi.

Akanitazama kwanza. "Shemeji, unisamehe," akasema.

Kisha akaeleza. Adui walitokea migombani. Risasi nne zilipita juu ya kitasa, zikavunja kioo. Ya tano ilipita chini, karibu na bawaba, ikakuingia tumboni. Ukaendelea kuendesha mpaka ng'ambo ya daraja, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika utumbo wako. Waliokuwa nyuma walipona wote. Yeye ndiye aliyekutoa kichwa kwenye usukani, na vidole vyako ilibidi avibandue kimoja kimoja.

Miaka yote hii aliniambia ulikufa ghafla, hukuumia.

Masunga, mkono mmoja umefungwa khanga yangu, akachukua kisu akaanza kukwangua. Puti ambayo ushirika ulizibia mlango ikadondoka vipande vipande. Juu ya kitasa yakatokea matundu manne. Chini palikuwa bati tupu, tundu hakuna. Tajiri akaanza kutabasamu. Mwanao akaendelea tu, jasho linamtiririka, mpaka kisu kikakwama kwenye kiraka. Hilo la tano hawakuliziba kwa puti, walilichomelea. Akakigonga kiraka kwa patasi, kikaanguka, mwanga wa jua ukapita mlangoni.

Tajiri akavua kofia. Akatozwa dume moja la ng'ombe kwa ajili ya mkono wa Masunga, na yeye mwenyewe akasema lori lipakwe lilivyokuwa, chapa iachwe na matundu yaachwe, na kabla ya kwenda kwake likae uani kwetu mpaka tumalize kilio.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mimi niliyewatoa watu meno kwa ajili ya mlango huo, nilimwomba Masunga alizibe lile la tano. Nilishindwa kulitazama. Akanijibu, "Nikiliziba, Mayu, nitakuwa nimepaka uongo kama wa tajiri." Nikamkasirikia, nikamwambia amekosa adabu. Alipoondoka nikatia kidole. Kingo zimeingia ndani, kali bado. Zikanikata. Aliporudi akaikuta damu yangu kwenye kijani chake, akaifuta taratibu kwa kitambaa. Akasema hiyo siku ile haikuwepo. Umeona mtoto niliyekulelea?

Mwili wako ulibaki huko tusikokujua, na ukoo wako ulisema hauwezi kulilia karatasi ya jeshi. Sasa kuna mlango. Lala, mume wangu, umeshavuka daraja. Nakuahidi tundu hilo halitazibwa na mkono wa mtu nikiwa hai, na spana sijairudisha gereji. Dume la tajiri limefungwa hapa uani, tutalichinja mbele ya lori. Ndugu zako wa Mwamapalala nimewapelekea habari, Nkwabi ataletwa kwa baiskeli, na walionusurika pamoja naye wametafutwa. Wote wanafika Jumamosi.